Sijapanda Ndege, Nimeshakwisha

Nikisema naenda Ujerumani, mtu ananikumbatia. Nikiongeza kwamba naenda kujitolea, ananiachia. Hapa Tanga kujitolea tunakujua: ni msaragambo wa kuchimba choo cha shule, mnachimba asubuhi, mchana mnagawiwa soda. Lakini mtu avuke bahari akalishe wazee wa watu mwaka mzima, halafu asilipwe, hilo mjomba wangu hajalikubali mpaka leo. Anaamini mshahara upo, ila nauficha.

"Posho ya mfukoni, chakula na kitanda, mjomba. Basi."

"Posho ya Ulaya ndiyo mshahara wa huku," akanijibu, akaagiza simu.

Na hakuwa peke yake. Shangazi kataka viatu namba 39. Hata mwenyekiti wa mtaa, nilipofuata barua ya utambulisho, muhuri aliushika juu hewani kwanza, akauliza magari yaliyotumika kule yanakwendaje. Nikamwambia nitamchunguzia. Ningefanyaje, na muhuri uko hewani?

Mpango wenyewe unaitwa weltwärts. Serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 kuwaleta vijana wao kwetu, wale warefu wenye mabegi mgongoni wanaoimbisha watoto wa chekechea nyimbo wasizozijua wenyewe. Mwaka 2013 ikafunguliwa na njia ya pili, sisi twende kwao. Mwisho ni miaka 28; mimi nina 26, nikaona nisingoje. Tiketi ya ndege wanalipa wao. Hapo ndipo nilipojidanganya kwamba safari ni ya bure.

Pasipoti ni shilingi 150,000. Na hiyo sina ugomvi nayo, bei inajulikana. Ugomvi wangu ni na herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhan, vyeti vya shule vinasema Ramadhani. Miaka yote hiyo mimi na hiyo "i" tumeishi kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake. Leo ikahitaji wakili na hati ya kiapo, niape kwamba Ramadhan na Ramadhani ni mtu mmoja na mtu huyo ni mimi. Wakili alinitazama usoni kama asiyesadiki, ingawa hela alikuwa ameshapokea. Kisha polisi, kuthibitisha sina makosa ya jinai: vidole vyote kumi vikapakwa wino, nikarudi kwa daladala nimeshika bomba, abiria wananipisha kama nimetoroka mahali.

Tuje kwenye lugha. Mwalimu wetu alianza kwa kututia moyo kwamba Kijerumani tunakijua tayari. Shule ni neno lao. Hela nayo imetoka kwa heller, sarafu waliyoiingiza koloni lao hili mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia. Darasa zima likafurahi. Mimi nikabaki napiga hesabu: watu walituachia maneno mawili, shule na hela, na mimi nawafuata kwao si kusoma wala kulipwa.

Furaha ile haikufika wiki ya pili. Kwa Mjerumani kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala si yule. Nikanyoosha mkono nikalalamika kwamba lugha gani hii inayogawa vyombo vya jikoni jinsia. Mwalimu, mtu mpole sana, akaniuliza ngeli za Kiswahili ziko ngapi. Nikaanza: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI... vidole vya mkono wa kwanza vilipoisha nikaushusha taratibu.

Jioni najizoezea nyumbani. Kwa kuwa nakwenda kuhudumia wazee, na mzee tunaye, nilimfuata Bibi barazani, nikainama kama tulivyofundishwa, nikasema kwa sauti ya upole: "Haben Sie Schmerzen?"

"Ndiyo nini hiyo, mume wangu?" Bibi yangu ananiita hivyo tangu nizaliwe, na marehemu babu hakuwahi kulalamika.

"Nakuuliza kama unasikia maumivu, Bibi."

"Goti hili linaniuma mwaka wa nne. Ulikuwa unangojea Kijerumani ndiyo uniulize?"

Nikaenda kuchukua mafuta ya karafuu, nikamsugua goti kwa lugha ya kwetu.

Koti la baridi nimelipata kwenye mitumba. Muuzaji alinilazimisha nilijaribu saa saba mchana, Tanga hii, joto la Januari, zipu mpaka kidevuni. Jasho likinitiririka anasema, "Umeona linavyofanya kazi?" Nikalipa elfu thelathini na tano ili nivuliwe. Nyumbani ndiyo nikasoma kibandiko cha ndani: Kijerumani kitupu. Kumbe koti lilikuja huku likaona joto, sasa linarudi kwao, na mimi ndiye nalibeba.

Jana usiku tukafungasha. Begi mwisho kilo 23. Nikawakusanya nyumba nzima nikawasomea masharti ya kuingia Umoja wa Ulaya: nyama hairuhusiwi, maziwa hayaruhusiwi. Mama akatoa samli kimyakimya. Maembe nayo hayapiti bila cheti cha afya ya mimea, mama mdogo akayatoa huku ananuna. Hapo nikafanya kosa la mtu mwaminifu: nikasoma mpaka mwisho. Matunda machache yamesamehewa cheti, nayo ni nanasi, ndizi, tende, duriani na nazi.

"Rudia hilo la mwisho," Bibi akasema.

Nazi tatu, zilizofuliwa vizuri. Tukaazima mizani ya muuza nyanya: kilo ishirini na nne na nusu. Koti halitoki, huko ni baridi. Dagaa wa mama hawatoki, samaki karuhusiwa. Nazi ndiyo hata sikuthubutu kuzitazama. Nikatoa kamusi ya Kijerumani na kitabu cha sarufi, begi likakaa sawa, nikafunga zipu.

Bibi kainuka kwa goti lake, kaingia ndani. Karudi kabeba mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mvule aliyoolewa nayo.

"Bibi, kilo zimekwisha."

"Wamekataza nyama, mume wangu. Mbuzi huyu hana nyama."