Mshitakiwa Hayupo Mahakamani

Mahali ni Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, ndani ya ukumbi mdogo ambamo Wajaini huja kutafakari. Magharibi imeingia. Mfanyabiashara wa nguo, ambaye amekwisha kula kabla jua halijazama kama ilivyo ada ya watu wake, ameketi juu ya mkeka wa sufu, ubavuni ana ufagio laini wa kuwaondolea wadudu njiani. Amenuia samayika: kutulia bila biashara, bila hasira, bila kumdhuru kiumbe. Kapu lake ameliweka dirishani. Humo mna Daftari la madeni lenye jalada la kitambaa chekundu, na Simu iliyozimwa sauti (sauti tu, waumini wa dini zote wanaijua hila hiyo). Mbele yake kasimama Saa ya Mchanga. Ukutani yuko Mjusi Kafiri, ambaye hakualikwa.

SIMU: Bibi, nisamehe, lakini dakika 48 ni kipimo gani? Si saa, si nusu saa. Nani alikukata?

SAA YA MCHANGA: Hiyo ni muhurta moja, mwanangu. Ugawe mchana pamoja na usiku mafungu 30, utaikuta. Kipimo hicho kilikuwepo kabla kioo changu hakijapulizwa.

SIMU: Mimi sekunde moja naigawa mara bilioni.

SAA YA MCHANGA: Na bado hujafika. Maandiko yao yanasema hivi: mshonaji kijana mwenye nguvu akichukua kitambaa akakipasua mara moja, je, muda huo ndio mdogo kuliko yote? Hapana, kwa sababu kitambaa ni nyuzi nyingi, na uzi wa juu hukatika kabla ya uzi wa chini. Basi muda wa kukatika uzi mmoja? Wala huo, maana uzi nao ni nyuzinyuzi. Wanaendelea kushuka hivyo hadi wafike kwenye samaya, muda usiogawanyika tena. Ukipepesa jicho, samaya zisizo na idadi zimekwisha kupita.

DAFTARI: Riba ya samaya moja ni kiasi gani?

MJUSI: Haya, mzee ameamka.

DAFTARI: Nauliza kwa nia njema! Ukoo wetu ni wa kazi. Wakulima wa vijiji vya Halar, huku huku pembezoni mwa Jamnagar, walipoanza kuvuka bahari kwenda Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, babu zangu walivuka nao chini ya kwapa. Wamekaa kwenye maduka ya Mombasa, Nairobi na Thika. Sisi tunaujua wakati. Wakati ni kile kinachozaa ukiwa umelala.

SAA YA MCHANGA: Basi kokotoa hii. Chimba shimo lenye upana na kina cha yojana moja, yaani maili kadhaa kwenda upande huu na kwenda chini. Lijaze nywele laini za watoto waliozaliwa majuzi, uzishindilie hata maji yasipenye. Kila baada ya miaka 100 toa unywele mmoja. Siku shimo litakapokuwa tupu, umepata palyopama moja.

DAFTARI: (kwa sauti ya kutetemeka) Na mdaiwa bado yu hai?

SAA YA MCHANGA: Palyopama milioni kumi, uzizidishe kwa milioni kumi, kisha kwa kumi, ndiyo sagaropama. Na nusu moja ya gurudumu la wakati...

DAFTARI: Basi, bi mkubwa. Safu zangu hazitoshi.

SIMU: Hilo gurudumu nimewahi kulionyesha kwenye kioo changu. Vijiti 12, sita vya kupanda, sita vya kushuka. Halina mwanzo wala mwisho wala fundi aliyelitengeneza. Sasa hivi linashuka.

MJUSI: Tuko wapi?

SIMU: Kijiti cha tano cha kushuka. Dushama, enzi ya taabu. Ilianza miaka mitatu na miezi minane na nusu baada ya Mahavira, mwalimu wao mkuu, kuondoka duniani, na kwa hesabu ya mapokeo aliondoka mwaka 527 KK. Enzi nzima ni miaka 21,000.

DAFTARI: Imebaki zaidi ya miaka 18,000. Hii naiweza.

SAA YA MCHANGA: Kijiti cha kwanza watu walikuwa na urefu wa maili kadhaa, mbavu 256, njaa iliwashika kila baada ya siku tatu, na miti iliwapa chochote walichotamani. Tangu hapo kila kitu kinapungua: kimo, umri, adabu. Mahavira alikuwa mikono saba. Huyu wetu hapa mkekani hafiki minne.

MJUSI: Lakini Simu wanazidi kurefuka kila mwaka.

SIMU: Tusiingize mambo ya kibinafsi.

SAA YA MCHANGA: Katika kijiti cha sita watu watakuwa na kimo cha mkono mmoja, umri usiozidi miaka 20, wamejificha mapangoni kwenye kingo za Ganga na Sindhu, mchana moto, usiku baridi.

MJUSI: Mkono mmoja, pangoni, wanatoka jua likizama! Hatimaye watu wenye akili. Halafu?

SAA YA MCHANGA: Halafu gurudumu linaanza kupanda. Mvua zinanyesha siku saba saba, ya maji, ya maziwa, ya samli...

DAFTARI: Samli! Umenikumbusha. Ukurasa wa 40. Juzi hekaluni palikuwa na mnada wa heshima, nani awe wa kwanza kuiosha sanamu. Zamani watu walitaja dau kwa vipimo vya samli. Bosi alipaza sauti kuliko wote, akashinda, akavishwa shada la maua, akainama kwa unyenyekevu mkubwa. Hajalipa. Alipoulizwa na mtunza hazina akasema, "Ndugu, hizi ndizo zama za taabu."

SIMU: Na mimi nina ushahidi. Jana mfumaji alipiga simu kudai pesa zake. Bosi akamwambia, zama. Mwanawe alipofeli mtihani, zama. Kipimo cha kitambaa dukani kinapungukiwa vidole viwili, akaulizwa...

MJUSI: Zama.

SIMU: Na asipofika hapa ukumbini, anasema katika enzi hii hakuna anayeweza kukombolewa, mlango ulifungwa baada ya mtawa Jambu, sasa haraka ya nini?

SAA YA MCHANGA: Mlango wa huku, kweli. Lakini maandiko hayohayo yanataja Mahavideha, nchi ambayo gurudumu hili haliifikii na ukombozi uko wazi daima. Mtu akijirekebisha leo aweza kuzaliwa huko kesho. Hilo alilisikia pia, mahubiri yaleyale. Sikio lake moja lina mlango wa kutokea.

MJUSI: Subirini. Mimi ni kafiri, nieleweshwe polepole. Huyu Wakati anayeshitakiwa, anafanya nini hasa? Anawasukuma watu washuke?

SAA YA MCHANGA: Hasukumi chochote. Wataalamu wao wanamlinganisha na jiwe lililo chini ya gurudumu la mfinyanzi. Bila jiwe gurudumu halizunguki, lakini jiwe halizungushi. Vitu vinabadilika kwa asili yake, roho inajifunga kwa matendo yake. Wakati yupo tu ili kubadilika kuwezekane.

MJUSI: Yaani jiwe ndilo linalodaiwa samli?

SAA YA MCHANGA: Na ngoja nikuongezee. Hawajakubaliana kama Wakati ni kitu. Ulimwengu wao una vitu vya asili: roho, maada, kile kinachowezesha mwendo, kile kinachowezesha kutulia, na nafasi. Wadigambara, wale ambao watawa wao wanakwenda uchi, wanamtia Wakati awe wa sita. Wanasema ameenea chembe chembe, kila chembe mahali pake, kama lundo la vito visivyogandana.

SIMU: Kama wewe ulivyo, bibi.

SAA YA MCHANGA: (akijinyoosha) Sikutaka kulisema mimi. Washvetambara, wenye mavazi meupe kama huyu wetu, wamegawanyika. Kitabu cha Umasvati, ambacho pande zote mbili zinakiheshimu, kwa usomaji wa upande mmoja kinamtaja Wakati kama kitu. Kwa usomaji wa upande wa pili kinamtaja kama kitu kwa kauli ya baadhi tu.

MJUSI: Sasa nimeelewa. Mshitakiwa hajafika mahakamani, hana mikono, na wazee wa baraza wanabishana kwa karne nyingi kama amezaliwa. Kesi nzuri kuliko zote! Hata mimi nikimla mbu mbele ya huyu bwana, nitasema ni dushama.

SAA YA MCHANGA: Thubutu. Yumo kwenye nadhiri.

MJUSI: Mwenye nadhiri ni yeye. Na hebu mtazame: jicho moja limefumba, jingine linakuchungulia wewe, mchanga umebaki kiasi gani.

SAA YA MCHANGA: Ananichungulia tangu niliposimamishwa. Nimezoea. Wachache hawanichungulii, nao wakimaliza wananigeuza wakaanza upya. Bibi mmoja mjane huja Alhamisi. Hunigeuza mara tatu na sijawahi kumsikia akiitaja enzi yoyote.

DAFTARI: Ana ukurasa kwangu?

SAA YA MCHANGA: Hana.

DAFTARI: Ndiyo maana simfahamu.

(Punje za mwisho zinashuka. Mfanyabiashara anasoma maneno ya kuhitimisha, kasi kidogo kuliko ya kuanzia, anakunja mkeka. Simu inatetemeka kapuni.)

SIMU: Ni mfumaji.

MFANYABIASHARA: (simuni, kwa upole wa mtu aliyetoka kutafakari) Ndugu yangu, ningekulipa usiku huu huu. Lakini unaona mwenyewe zama tulizo nazo.

MJUSI: (akimeza kitu) Nakubaliana naye.

SIMU: Anasema atalipa Jumatatu.

DAFTARI: Niandike Jumatatu ya kijiti kipi?