Feli kwa Heshima: Mwongozo wa Anayetaka Kuongoza Ndege

Sogea hapa, mdogo wangu, tuongee kwa sauti ya chini. Umeona tangazo la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, linaita watu wa kuongoza ndege. Uraia wa kule unao. Hujawahi kukanyaga ngazi za mnara, na tangazo limesema si lazima. Tayari umeshajiona: hedifoni sikioni, rada mbele yako, marubani wenye mvi wanangoja kauli yako. Usiifute picha hiyo. Hakuna aliyeingia kwenye kazi hii bila kujipenda kidogo.

Ila wanaoomba ni wengi na wanaopita ni wachache, kwa hiyo jiandae kwa lile linalowapata wengi. Nitakufundisha kufeli, na sikutanii. Katika kazi hii kufeli vizuri ni ufundi, na mchujo mzima umewekwa ili kumtafuta mwenye ufundi huo.

1. Feli kwa umri, kama umejaliwa

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Asiye na uzoefu wa kazi hii anatakiwa aombe kabla hajatimiza miaka 31, kwa sababu waongoza ndege wa kule hulazimika kustaafu wakifika 56. Kama una miaka 33, umeshafeli ukiwa umekaa kwenye kochi, bila nauli wala jasho. Usiazime cheti cha mdogo wako. Mwambie shangazi kwamba umri umekukatalia. Hakuna shangazi asiyeelewa jambo hilo.

2. Feli kwenye kompyuta, tena haraka

Mtihani wa kwanza unaitwa ATSA. Utakaa mbele ya kioo saa mbili na zaidi. Utakumbuka tarakimu, utapima ndege iko kushoto au kulia kwa jicho la mtu aliyesimama upande mwingine, utafumbua mafumbo ya herufi zilizopewa thamani. Kisha itakuja sehemu inayomaliza watu: vidude vyenye namba vinatembea kwenye kioo, na kazi yako ni kubonyeza namba ili ukiondoe kimoja kabla hakijagongana na kingine. Hapohapo unaulizwa hesabu za kujumlisha na kutoa.

Sikiliza siri yake. Viwili vitagongana. Utasikia aibu, macho yatabaki pale vilipogongania, moyo utasema "ningebonyeza saba". Wakati unaomboleza, vingine vitatu vimeshagongana. Waliofundwa vizuri nyumbani ndio wanaoumia zaidi hapa, maana wamezoea kuomba radhi kwanza. Wewe viache. Vikigongana, vizike pale pale, uhamishe macho. Maombolezo yaweke mpaka utoke nje, ununue soda, uomboleze kwa nafasi.

Matokeo hutoka kwa madaraja, kuanzia wanaofaa sana hadi wasiofaa. Ukiangukia chini, ngoja tangazo jingine. Umefeli mahali ambapo ndege zote zilikuwa vidude vya kuchora, na hakuna bora kuliko hapo.

3. Usidese tabia

Najua unachowaza. Kuna maswali ya tabia na unataka desa. Ngoja nikupe kisa.

Mwaka 2014 FAA iliweka dodoso la maisha ya mwombaji liwe chujio la mwanzo kabisa. Waliojitokeza walikuwa kama 28,000, na waliovuka dodoso hawakufika mmoja kwa kila kumi. Miongoni mwa waliobaki nje walikuwemo vijana waliosomea fani hii chuoni, na wengine walikuwa wameshafaulu mtihani wa zamani wa uwezo. Baadaye mgawanyo wa alama ukajulikana. Swali moja liliuliza ni somo gani la sekondari ulilopata alama za chini kuliko yote, na jibu lenye faida kubwa lilikuwa sayansi. Yakazuka madai kwamba baadhi ya waombaji walidokezwa majibu. Kesi ikafunguliwa. Mwaka 2016 Bunge la Marekani likazuia dodoso lile kwa makundi kadhaa ya waombaji, na mwaka 2018 FAA yenyewe ikaachana nalo.

Kisa hiki kinaniuma mpaka leo, na sababu ni hii: mtu akifeli kwa kuachia vidude vigongane, anajua alipokosea. Aliyefelishwa na somo lake baya la sekondari hakujifunza lolote, si kuhusu ndege wala kuhusu nafsi yake. Huwezi kufeli kwa heshima kwenye mtihani usio na heshima.

Kwa hiyo desa tupa. Mbele kuna dodoso jingine, MMPI-2, la maswali 567 ya kweli au si kweli, na hilo limejengwa kumnasa anayejipaka marashi. Ukidai hujawahi kukasirika, hujawahi kumsengenya mtu, hujawahi kutamani kuvunja kitu, linakuandika kuwa unajikosha. Kiri vidhambi vyako vidogo. Ni njia ya mkato ya kweli: msema kweli hana haja ya kukumbuka alichojibu kwenye swali la 40 akifika la 400.

4. Mpe daktari macho yako halisi

Watu hukariri vile vitabu vya nukta za rangi vya kupimia macho. Usikariri. Redio ikikata, mwongoza ndege aliye mnarani huchukua taa maalumu na kumulikia ndege: kijani, nyekundu au nyeupe, na kila rangi ina amri yake. Rubani aliye angani hana namna ya kujua kwamba wewe ulifaulu rangi kwa kukariri. Na usidhani utakwepa kwa kurudi kuomba Dar es Salaam au Nairobi. Vipimo vya afya vya kazi hii vinafuata kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na wanachama wake ni karibu nchi zote za dunia.

5. Ukifika Oklahoma City

Chuo cha FAA kiko Oklahoma City, na huko unalipwa huku unasoma. Watakaokwenda minarani huanza na meza iliyochorwa uwanja wa ndege, na videge vya kuchezea vinasogezwa kwa mkono. Watakaokwenda kwenye vituo vya anga ya juu hupewa anga la kubuni liitwalo Aero Center. Utaliota. Utaamka usiku ukipanga ndege mbili zipishane ndani ya anga lisilokuwepo.

Mwishoni kuna mtihani wa vitendo, na karibu theluthi ya wanafunzi hawatoki na kazi. Hapa ndipo nataka uonyeshe ufundi wako wote. Utampa ndege kimo kisicho chake. Sekunde ile utatamani kunyamaza, labda mkufunzi hakusikia. Nakuomba, usinyamaze. Kazi hii ina neno lake la redioni kwa ajili ya sekunde ile: "correction". Unalitamka, unatoa kimo sahihi, unasonga mbele. Sauti ileile, mwendo uleule. Anayelitamka mara tatu kwa siku ananipa imani kuliko asiyelitamka kamwe.

Usione kwamba nalikuza neno moja. Kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, rubani wa ndege ya KLM alitoa kauli ambayo haikueleweka kama anajiandaa kuruka au ameshaanza kuruka. Mwongoza ndege akajibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Sekunde hiyohiyo marubani wa ndege ya Pan Am nao walikuwa wakisema, mawimbi yakagongana, na ndani ya KLM yale ya kusubiri yakafunikwa na mlio. Lililosikika vizuri ni lile "OK". Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583. Makosa yalikuwa ya wengi siku ile, lakini neno legevu lilikuwa mojawapo.

6. Wakikuita ofisini

Watakuita, watakuonyesha alama, hazijafika 70 za kufaulu. Uliza swali moja tu: nilipotelea wapi? Usiseme mashine ilikwama hata kama ilikwama kidogo. Nyumbani piga simu mwenyewe kabla hawajapata habari kwa wengine, useme: nimefeli, niko salama, nina njaa.

Usiondoke usiku huo. Yuko mwenzako ambaye mtihani wake ni kesho asubuhi na hawezi kula. Nenda mlangoni kwake. Tandazeni vizibo vya soda mezani, wewe uwe marubani wote, yeye aongoze. Mpe upepo mbaya, mpe ndege yenye mafuta kidogo, mpe rubani asiyesikia vizuri. Atachanganya vizibo viwili, atakutazama kwa hofu. Usimsaidie. Mngoje alitamke lile neno.