Mlima Una Wataalamu, Paa Lina Mume Wangu

Mtu wa Goma amefundishwa kuogopa moto. Mabango ya tahadhari ya volkano yamesimama mjini na rangi zake nne: kijani, lala salama; njano, lala jicho moja likiwa wazi; chungwa, funga mizigo; nyekundu, usiulize, kimbia. Nyiragongo ana wataalamu wake wanaompima pumzi usiku na mchana, na wana haki. Tarehe 17 Januari 2002 alitema lava iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 akatema tena, na siku chache baadaye gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 ihame, Mabanga-Nord na Mabanga-Sud ikiwemo.

Sisi tulihama. Godoro letu lilitoka Mabanga juu ya kichwa cha shemeji, likafika mji mdogo wa Sake, likalala uani kwa watu, likarudi nyumbani bila doa. Volkano nzima haikuliweza. Lilikuja kufia kitandani kwake, mwezi wa nne wa mwaka mwingine, kwa maji yaliyotoka juu ya dari yetu wenyewe. Kwa hilo hapakuwa na bango, wala rangi, wala gavana.

Maji ya Goma yana tabia ambayo sijapata kuielewa. Mchana tunayatafuta. Mabinti wanapanga mstari bombani na bidoni za njano za lita 20, vijana wanayasukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, na bidoni ikifika nyumbani inapokelewa kwa heshima ya mgeni. Usiku yanatutafuta yenyewe, bure, mpaka chumbani. Mji huu hauna mto. Lava iliyo chini yetu imejaa matundu na zamani ilikunywa mvua yote kimyakimya. Lakini siku hizi tumeifunika kwa nyumba, simenti na mabati, kiwanja kwa kiwanja, parseli kwa parseli, na mvua isipopata pa kunywewa inajitengenezea mto barabarani, iteremke zake Ziwa Kivu. Nyumba yetu iko njiani.

Juu nako kuna habari yake. Moshi wa Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira una gesi zinazochanganyika na mvua zikaifanya kuwa na asidi. Bati ambalo kwingine lingezeekea darini, hapa linashika kutu likingali bichi. Mabati yetu yalikuwa yameshafikia umri wa kuonyesha nyota.

Mume wangu ndiye aliyeona kwamba haifai mlima uwe na watu wa kuupima na paa likose. Akajiteua. Dari letu lilikuwa la mbao nyembamba za triplex, na katikati palikuwa na doa la maji lenye umbo la Afrika. Kila asubuhi alipanda juu ya kiti, akalizungushia chaki, akashuka na kutangaza rangi ya siku. Kwa muda mrefu tuliishi katika njano. Doa lilipomeza Madagaska, akatangaza chungwa, tukahamishia watoto sebuleni. Nikamwambia, "Papa, badala ya kulichora, si ungelipigilia?" Akanitazama kwa huruma. Mtu anayepima hatakiwi kuingilia kati.

Nyekundu ilifika usiku, kabla ya kutangazwa. Afrika nzima ilianguka kitandani kwa mpigo mmoja, pamoja na kiota cha panya ambao nao, kwa nyuso zao, walikuwa hawajapewa tahadhari. Tulipokuwa tunahangaika na yaliyotoka juu, mto wa barabarani ukapita chini ya mlango. Maji ya juu na maji ya chini yakakutana chini ya kitanda, yakasalimiana. Mume wangu alisimama katikati ya chumba na tochi ya simu, akaandika saa.

Kesho yake walianza kufika washauri. Mabanga, nyumba ikilowa, watu hawaji na nyundo, wanakuja na maoni. Mama mkwe alisema ni jicho la mtu. Mzee wa nyumba kumi alisema ni kwa sababu hatukuwa tunatokea kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Kijana mmoja wa pikipiki, ambaye hata simjui, alisimama mlangoni bila kuzima mashine akasema tuache mbao, tujenge ya simenti yenye ghorofa. Jirani wa upande wa chini ndiye aliyeongea kwa undani kuliko wote: tuinue msingi kwa mawe ya lava, tena juu kabisa, maji yakija yagonge jiwe yageuke. Wote walikunywa chai. Sukari iliisha kabla ya misumari kununuliwa.

Zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupokezana, ilikuwa imekaribia, nikaiomba mapema, akina mama wakanikubalia. Akaja fundi. Akaizunguka nyumba, akabonyeza ubao mmoja kwa kidole, kidole kikapita. "Mama," akasema, "hii ni kakitu kadogo tu."

Akang'oa ule ubao. Ikaonekana kwamba ulikuwa umeshikiliwa na wa pili, wa pili umeshikiliwa na rangi, na rangi imeshikiliwa na kalenda ya mwaka 2014. Mbao za huku zinaozea chini, pale zinapogusa udongo, huku juu zikiendelea kucheka na wageni. Ilipofika saa sita ukuta mzima wa mbele ulikuwa umelala uani, na sisi tunaonekana kutoka barabarani na sufuria zetu.

Sasa, nyumba ya mbao ya Goma ina sifa moja ambayo ya simenti haina: inafunguliwa msumari kwa msumari, inapakiwa, inakwenda kusimamishwa mtaa mwingine. Watu wanazinunua hivyo kila siku. Basi mpita njia akiona nyumba imefunguliwa, hafikirii kwamba inatengenezwa. "Mama, munauzisha bei gani?" aliuliza wa kwanza. Nikamjibu haiuzwi. Wa pili akaanza kuhesabu mbao. Wa tatu alikuja na chukudu kabisa. Nikaenda nyuma kumwambia mume wangu kwamba watu wanataka kutununua nyumba tungali ndani yake. Aliweka chaki chini. "Wametoa ngapi?"

Mabati mapya yalitoka eneo la Birere juu ya chukudu, upepo ukiyapigisha kelele njia nzima, hata kabla hayajafika mtaa ulikuwa umeshajua kwamba tuna mabati mapya. Jioni hiyo tuligundua tuna ndugu tusiowajua. Mbao mpya, kama ilivyo desturi, zilipakwa oili chafu ya magari ili wadudu na unyevu vizikatae. Vinazikataa kweli, na wageni pia. Kwa majuma kadhaa nyumba yetu ilikuwa nyeusi tii, watoto walikwenda shule wakinukia gereji, na mwendesha pikipiki mmoja aliegesha uani akauliza kama tunabadilisha oili kwa bei nafuu. Msingi tuliuinua kwa mawe ya lava, juu kabisa, kama tulivyoshauriwa. Mlangoni ikabidi fundi aongeze ngazi, maana mama mkwe alikuwa amebaki nje anatuangalia.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja Septemba. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Hakikudondoka kitu. Mume wangu alizunguka vyumba vyote na tochi, akapanda kitini, akapapasa dari jipya kila pembe, akashuka mikono ikiwa mikavu. "Kijani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Nilikuwa sijamaliza kumpa pole, mlango ukagongwa. Ni jirani wa upande wa chini, suruali imekunjwa magotini, bidoni tupu mkononi kwa ajili ya kukomba maji. Mto ulikuja kama kawaida yake, ukagonga mawe yetu, ukageuka. Uligeukia kwake.

Tulikwenda wote kumpa pole. Tulikunywa chai, tukamshauri ainue msingi. Jirani wa chini yake, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe, alikohoa kikohozi cha kujitetea, kwa sababu alikuwa ameshafanya hesabu ya mahali maji yatakapogeukia.

Mzee wa nyumba kumi amelichukua suala hilo, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima umetokea kwenye salongo. Tumekubaliana kwa kauli moja kwamba unahitajika mtaro wa kuyapeleka maji mpaka chini. Kilichobaki ni utapita wapi. Kila mtu ameonyesha kwa kidole parseli ya mwenzake. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumamosi ijayo, mvua ikiruhusu.