YAH: OMBI LA KUTOLETEWA KOZI YA MBAO BALANGDALALU

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya ufundi stadi, misitu na viwango, popote barua hii itakapowakuta, ofisini au safarini.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, hatujambo. Tumesikia kwamba serikali inajenga vyuo vya VETA katika wilaya 64, pamoja na kile cha mkoa wa Songwe. Tunashukuru. Wasiwasi wetu ni mmoja tu: katika fani zitakazofundishwa humo, asije mtu akapenyeza somo la kuujua ubao. Yaani mti upi unafaa kazi ipi, ubao upi umekauka na upi bado mbichi, umetoka msitu gani na kwa kibali cha nani. Somo hilo likifika huku litavuruga mambo mengi ambayo yamekaa vizuri.

Njooni siku lori linaposhusha mbao kwenye ujenzi wa darasa. Utaratibu wa fosi akaunti, yaani kujenga bila mkandarasi, mnaujua, mliutunga wenyewe: kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Hii ya mapokezi ni ya wazazi na mwalimu mmoja mwenye kalamu. Zinashushwa mbili kwa nne mbichi kabisa, zinanuka utomvu, ukiushika ubao unakuachia kiganja chenye majimaji. Kamati inahesabu mpaka mwisho. Idadi ikitimia mwalimu anaandika, wajumbe wanasaini, lori linaondoka. Hakuna anayeweka futi kamba kwenye upana, maana akiiweka huenda akakuta moja na nusu kwa tatu na nusu, na kikao kitachelewa kufungwa.

Mbao zinaegemezwa ukutani, juani. Jua la huku na upepo wa Bonde la Ufa havina subira. Upande unaopigwa jua unakauka kwanza na kusinyaa, ule wa nyuma bado umeshiba maji, na siku fundi anapopanda kupiga kenchi anakuta sehemu kubwa ya mzigo imejikunja kama upinde. Fundi hakati tamaa. Anazinyoosha kwa msumari wa inchi nne, ukishindwa analeta wa inchi tano. Mbao zinamalizia kukauka zikiwa juu, chini ya bati, zinapasuka nchani na kulegeza misumari ileile iliyozinyoosha.

Sasa hesabuni wanaonufaika. Muuza misumari kauza mara mbili. Fundi ataitwa tena baada ya masika mawili. Mchwa nao ni wakazi halali wa wilaya hii, na kwao ubao laini wenye unyevu ni karamu. Halmashauri itatenga fedha za ukarabati, na ukarabati utahitaji kamati ya mapokezi. Mkimleta mwalimu wa kufundisha kwamba mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka unyevu ushuke kutoka asilimia 30 na zaidi hadi kama 15 ndipo zipigiliwe, mtakuwa mmeukata mnyororo mzima wa thamani, na huo mnyororo mmetuhubiria wenyewe kwenye semina.

Isitoshe, kozi hiyo itagombana na kalenda. Mwaka 2016 tuliagizwa kila mwanafunzi awe na dawati ifikapo Juni 30, na Bunge likabana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6. Mwaka 2021 ukaja mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, na madarasa 15,000 yakatakiwa yawe tayari kabla ya muhula wa Januari. Watoto waliokuwa wakikaa chini wakakaa juu, na hilo hatulifanyii mzaha. Lakini ubao wa inchi mbili haukuwa kwenye orodha ya waliopelekewa waraka. Wenyewe unataka miezi yake, na hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kuuweka ndani kwa kuchelewesha mradi.

Kuna watakaowaambia kwamba nchi yetu haipangi mbao kwa madaraja. Msiwasikilize. Serikali imeipanga miti ya asili kwa madaraja tangu zamani. Mpingo, mninga na mkongo kila mmoja una kiti chake. Ila madaraja hayo ni ya mrabaha. Yanaeleza mti utalipiwa kiasi gani, hayaelezi ubao utabeba nini. Gogo likishalipiwa linagongwa nyundo ya maliasili, na huku kwetu nyundo hiyo ndiyo imegeuka cheti cha ubora. Ukimwonyesha muuzaji ubao wenye fundo lililokufa katikati, fundo ambalo ukilisukuma kwa kidole gumba linachomoka na kuacha tundu, anakujibu kwa upole: "Mzee wangu, mbona mzigo huu umegongwa nyundo?" Na kweli. Umepita mageti yote, na kwenye kila geti hati ya kusafirishia imekaguliwa na mbao zimehesabiwa. Hakuna geti lililouliza kama zinafaa kukaa juu ya vichwa vya watoto 45. Si kazi ya geti, nakubali. Nauliza tu ni ya nani. Mwenye misitu anakusanya maduhuli. Mwenye viwango anavyo viwango vya mbao, vimeandikwa vizuri na kutunzwa kabatini. Mwenye ufundi stadi anamfundisha kijana randa, viungo na msasa. Ubao unapita katikati yenu watatu bila hata kusalimiwa.

Halafu kuna mbao za dawa. Dawa ya kweli husukumwa kwa shinikizo ndani ya mtungi wa chuma hadi izame kwenye ubao. Nyingine inapakwa kwa brashi, au ubao unachovywa kwenye pipa ukatolewa, na ukijani unapatikana vilevile. Mteja anayelipia ukijani amepata ukijani, sioni kosa. Kozi yenu ingemharibia raha kwa kumfundisha akate kipande mbali kidogo na ncha, maana ncha hunywa chochote, kisha atazame rangi imeingia kiasi gani. Akikuta imeishia kwenye ngozi, atajua amenunua rangi ya nyumba. Elimu ya namna hiyo inaleta chuki kati ya jirani na jirani.

Umri wa mti nao tusifundishwe. Paini nyingi zinatufikia kutoka Mafinga na Njombe, na tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike zinafika haraka kuliko zinavyokua. Katika shamba la serikali kama Sao Hill mti huachwa ukomae kwa miongo karibu miwili au zaidi. Katika shamba la mzazi mwenye ada ya kulipa, unakatwa una miaka minane au tisa. Simlaumu mzazi huyo. Lakini mti mchanga hutoa ubao wenye pete pana za ukuaji, mwepesi, unaosinyaa hata kwa urefu na kujipinda ukikauka. Pete zinaonekana wazi pale ubao ulipokatwa, asiyeziona ni asiyeonyeshwa. Kuhusu vitanda vya mninga vinavyouzwa minadani, ambavyo chini ya vanishi ni mkaratusi mtupu, tunaomba msilete mtu kabisa. Kuna ndoa zilizojengwa juu yake.

Hapa naweka kejeli kando kwa aya moja. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wataalamu walisema sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi ya mvua. Sitazusha sababu nyingine. Ila baada ya siku ile, anayeniambia ana mbao za bei nafuu "za kutoka mlimani" namtazama mara mbili. Ule ni msitu wa hifadhi. Asili ya ubao ni swali la mtu anayeishi chini ya mteremko, na swali hilo halijibiwi kwa kukagua karatasi peke yake.

Turudi kwenye ombi. Mkitaka kuona madhara ya elimu, tazameni Kilwa. Vijiji vya huko, kwa kusaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, vilijifunza kupima miti yao na kupanga uvunaji, na mwaka 2009 vikapata cheti cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa jamii. Matokeo yake wanakijiji waliokuwa wakiambulia senti kwa gogo la mpingo sasa wanataja bei. Karibu zaidi, hapo Babati, vijiji vya Duru-Haitemba viliuchukua msitu wao miaka ya 1990 vikautungia sheria ndogo. Watu wa hivi ni wagumu kuwasainisha.

Tatizo jingine ni mkufunzi. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, lakini ni mbali na nauli mnaijua. Huku tunao wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw ambao wakichagua nguzo ya zizi hawachukui mti wowote uliosimama karibu. Wanajua upi utaliwa na mchwa na upi utawazika wao. Mnao mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza nje ya chuo. Fomu yake ina mistari mingi, mzee hana miwani. Basi yaishe.

Endapo ombi letu litakataliwa na kozi ikaja kwa nguvu, iwe ya wiki mbili na ifanyike hapahapa. Mkikosa kipima unyevu, leteni mzani mdogo. Tutakata kipande cha ubao, tutakipima, tutakiweka kwenye oveni ya mama anayeoka mikate mpaka uzito ugome kushuka, tutakipima tena. Kilichoingia gramu 150 kikatoka 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 50, na hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mtihani wa mwisho ufanyike siku lori linaposhusha mzigo. Atakayefaulu hatuhitaji mumpe cheti. Mpeni haki, kwa maandishi na kwa mhuri, ya kukataa kusaini.

Naomba kuwasilisha.

Mjumbe, Kamati ya Mapokezi
Balangdalalu