Pipa la Bluu

Ndugu yangu uliyeoa, wewe utanielewa. Huku Myamba maji yetu ni ya mserereko, yanashuka yenyewe mlimani, baridi ya kung'oa meno. Waache wa Same mjini, kule kwenye jua na vumbi, ndio wahesabu ndoo. Sisi shida yetu ni pa kuyahifadhi siku bomba likigoma, na hapo ndipo nilipoponzeka nikanunua pipa.

Lilikuwa la plastiki, la bluu, la lita 200, lilitoka kiwanda nisichokijua, lebo imekwanguliwa. Muuzaji gulioni alitaka elfu arobaini, nikampa ishirini na tano. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Uzushi. Ila ile elfu kumi na tano niliyookoa niliisimulia wiki nzima.

Nililiosha kwa sabuni, majivu na ndimu. Bado chai ikanuka rangi ya mlango. Nikaongeza tangawizi, maana Myamba tangawizi ndiyo jibu la kila swali. Sasa ikanuka mlango wenye tangawizi.

Mama Elisante, ambaye tangu ahudhurie semina ya siku mbili zahanati namwita Bibi Afya, alinusa kikombe kisha akanitazama mimi.

"Baba Elisante, lile pipa lilibeba nini?"

"Hewa," nikasema. "Tutayachemsha."

Nilijitafutia somo. Kuchemsha kunaua vijidudu, akasema, lakini metali kama risasi haina roho ya kukata: maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, tena imekolea. Akaingia Owino Uhuru, Mombasa, habari anayoijua kuliko ukoo wangu. Phyllis Omido alifanya kazi kwenye kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kupata risasi. Mwanawe mchanga akaugua, wakapima malaria, wakapima taifodi, hola. Mpaka damu ilipopimwa risasi yenyewe ndipo ikaonekana. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikawaamulia wakazi wa mtaa ule fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

"Walidai kama Wapare," nikasema. Hakucheka.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua maharage. Alikuja kututembelea wiki moja, mwezi Februari, na mpaka leo wiki hiyo haijaisha. Namwita Redio, kimoyomoyo tu, kwa sababu anasikia nusu na kutangaza yote. Alichonasa ni "risasi" na "Baba Elisante". Kufika jioni jirani watatu walishakuja kutupa pole kwa kuvamiwa na majambazi, mmoja na rungu.

Ikaamuliwa maji yapelekwe maabara Moshi. Jumamosi ni Sabato, Jumapili kumefungwa, basi Jumatatu alfajiri akatumwa shemeji yangu Mheshimiwa, kijana ambaye tangu amalize shule anasubiri uteuzi. Bibi Afya aliisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya pipa, akaijaza mpaka mdomoni, akaandika PIPA kwa maka peni. Mimi nilitoa hela za vipimo vitatu. Nilizitoa polepole.

Akarudi usiku wa pili. Kule walimuuliza, "Tupime nini?" Akajibu, "Kila kitu." Kumbe hakuna kipimo cha kila kitu. Risasi ina chake, zebaki chake, viuatilifu vina mashine yake na bei yake. Lazima useme unashuku nini. Na sisi lebo imekwanguliwa! Mheshimiwa akachagua floraidi, kwa kuwa ndiyo pekee aliyowahi kuisikia, ile inayowatia watu wa Arumeru meno ya kahawia. Sasa floraidi ile inatoka kwenye miamba ya volkano. Kwenye pipa itaingiaje? Hela za vipimo viwili zilizobaki, akasema, zilikwenda kwenye "gharama za utawala". Alinukia chipsi kuku.

Cheti lakini kilikuwa kizuri, kina muhuri. Floraidi chini sana ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Nikakibandika ukutani juu ya pipa, nikajiona mshindi kwa muda wa chakula kimoja, makande.

Usiku Mheshimiwa akaniita uani.

"Shemeji, usimwambie dada. Tulipofika tambarare joto lilinizidi. Ile chupa niliinywa."

"Uliinywa?"

"Yote. Nikajaza nyingine bombani, stendi ya Same."

Yaani nimelipia cheti cha maji ya Same mjini, na pipa langu limo tumboni mwa shemeji. Nilikuwa bado natafuta la kusema dirisha la jikoni lilipofunguka. Bibi Afya alishasikia. Pipa likatolewa usiku ule ule, asiruhusiwe hata kuku kulisogelea, na tangu hapo ndoo za alfajiri ni zangu.

Dirisha la pili lilikuwa la mama mkwe. Kulipokucha wale jirani watatu walikuwa mlangoni tena, safari hii na mchele: wamesikia Mheshimiwa kapigwa risasi ya tumbo.