Mheshimiwa Hakanyagi Chini

Usiku wa Kanduyi una sauti mbili: malori yanayoelekea Malaba yakibadilisha gia, na Mheshimiwa akipiga mguu. Mheshimiwa ni sungura wetu. Jina hilo alilipata kwa sababu ni mnene, hushinda ameketi, na hula kabla ya wenye nyumba. Paka wa jirani akipita, Mheshimiwa hugonga sakafu kwa miguu ya nyuma, ti! ti!, nasi tunageukia ukutani tukijua mlinzi yuko kazini.

Mei mwaka wa 2024, mlinzi akanyamaza.

Nyumba ilikuwa na pilkapilka. Sikukuu ya Madaraka ilikuwa inakuja kuadhimishwa Uwanja wa Masinde Muliro, hapa hapa kwetu, na Mama alikuwa ameshuka kutoka Chwele mapema ili asije akasimuliwa. Mama Watoto alikuwa amefua vitambaa vyote vya sebuleni, vile vyeupe vya kufuma kwa mkono, akavitandaza kila kiti hadi juu ya televisheni. Ndipo binti yetu mdogo akaja mbio: "Baba, Mheshimiwa hakanyagi chini!"

Nilimpakata, nikampindua. Visigino vya nyuma vilikuwa vimenyonyoka manyoya. Ngozi imebaki wazi, nyekundu, upana wa shilingi tano, na mguu mmoja umeanza kufanya kigaga.

Mimi si daktari, ila nina kabati. Humo mlikuwa na ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni, na amoksilini ya binti iliyobaki nusu chupa. Nikaanza na ya zambarau, tena kwa ukarimu. Kisha nikamvalisha mgonjwa soksi za shule. Akaivua ya kwanza kwa meno, ya pili akaipangusa mlangoni, akaniponyoka.

Alipita kiti cha kwanza, cha pili, akakata kona mezani, akatulia juu ya kochi la wageni. Kila alipokanyaga aliacha muhuri. Mama Watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama, akarudi jikoni bila kusema neno. Afadhali angesema.

Mama aliweka kikombe chini. "Huyu mnyama analala wapi?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba kwa fahari. Kizimba changu kilikuwa cha kisasa: sakafu yote ya waya, kinyesi kinadondoka, mkojo unachirizika kwenye mtungi niutie kwenye sukuma wiki. Mama akaokota kipande cha waya alichobakiza fundi, akakitandaza juu ya saruji.

"Vua viatu. Simama hapo mpaka nimalize chai."

Mama hanywi chai kwa haraka. Kabla kikombe hakijafika nusu nilikuwa nahamisha uzito mguu huu hadi ule kama kuku kwenye mvua.

"Wewe una viatu vya kurudia," akasema. "Mwenzio amesimama hapo tangu Januari."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jioni daktari wa mifugo alikuja na bodaboda. Alicheka kwanza, ndipo akafundisha. Mbwa na paka wana mto laini chini ya wayo. Sungura hana, ana manyoya tu. Manyoya yakiisha, ngozi inabeba mwili mzima juu ya waya, mkojo unaiunguza, vijidudu vinaingia, na vikiachwa hufika hadi mfupani. Unene huzidisha, na kucha ndefu humfanya aegemee kisigino. Alipoiona amoksilini aliacha kucheka: ukimnywesha sungura, inaua vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula tumboni, naye anaweza kufa kwa kuhara.

Tukaosha vidonda kwa iodini iliyozimuliwa hadi ikafanana na strungi nyepesi, tukakausha, hatukukamua wala kutumbua. Kucha zilikatwa ncha tu, mbali na mshipa. Ndani ya kizimba tukalaza ubao laini na nyasi kavu nyingi, zinazobadilishwa kila zinapolowa. Na kwa mvua zetu za alasiri, hilo ni kila siku. Mandazi ya asubuhi yakafutwa kwenye bajeti ya Mheshimiwa, akabaki na nyasi na majani. Saa moja ya jioni akawa anatembea uani. Na kila Jumamosi binti humpindua, akakagua visigino.

Wiki kadhaa baadaye, usiku wa manane, nikasikia: ti! ti!

"Mlinzi amerudi kazini," nikamwambia Mama Watoto gizani.

"Vizuri," akajibu. "Na vitambaa vyangu vinapona lini?"