Mpunga Ulioandikwa Majina

Anayesema ualimu ni kazi ya nusu siku aje huku Igawa, Mbarali, alale kwangu usiku mmoja. Kipindi chenyewe ni dakika 40 tu. Kabla yake kuna azimio la kazi, kisha andalio la somo lenye jedwali la walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Umahiri mkuu, umahiri mahususi, hatua za kufundishia, tathmini, na chini kabisa sehemu ya maoni, ambako walimu tunaandika sentensi ileile: somo limeeleweka. Limeeleweka na nani, sijawahi kuulizwa. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, nilidhani vile vishkwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa vitatupunguzia makaratasi. Sasa naandaa kwenye kishkwambi, halafu nanakili kwenye daftari, maana mkaguzi hupenda kitu cha kugonga muhuri.

Lakini shughuli hasa ni kusahihisha. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamefurika, na darasani kwangu wamevuka 90. Daftari moja lipe dakika mbili, kisha zidisha mwenyewe: saa tatu, somo moja. Maji ya Mto Mbarali yanayopita hapa kwetu huingia Ruaha Mkuu, yakafika Mtera kuzungusha mitambo ya umeme. Umeme huo hukatika mara tu nikifungua daftari la kwanza.

Saa tatu hizo shuleni hazipo, kwa hiyo madaftari nayabeba kwenye salfeti hadi nyumbani. Msimu wa mavuno, bodaboda aliniteremshia mzigo barazani kwa jirani, mahali salama kabisa, kasoro moja tu: jirani alikuwa anauza mpunga siku hiyo. Huku Mbarali, kilichomo kwenye salfeti ni mpunga mpaka ithibitike vinginevyo. Vijana wa kupakia hawakuwa na haja ya kuthibitisha. Fuso likaondoka kuelekea Makambako, na madaftari ya sayansi ya darasa la tano yakaenda nalo.

Jioni jirani akaja mbio na simu mkononi.

“Shikamoo madam,” ilisema sauti ya mnunuzi.

“Marahaba.”

“Madam, huu mpunga wenu mbona umeandikwa majina?”

Nilimwomba aurudishe na lori lolote linaloshuka Tunduma. Akakubali, ila kwanza alitaka kujua ni nani aliyejibu kwamba vyanzo viwili vya maji ni bomba na mama. Alikuwa amekaa na makuli wake kwenye mizani, wanasoma kwa zamu. Mmoja alikuwa amegundua kwamba nimempa mtoto vema kwenye jibu lisilo sahihi, akataka maelezo. Nikamwambia ilikuwa saa sita usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu.

Salfeti lilirudi kesho yake. Juu ya daftari moja, kwa kalamu ya bluu, kuli alikuwa ameandika: “Ongeza bidii.” Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na kama angekuwa jirani ningemgawia nusu ya darasa.

Wanunuzi wa mpunga wa huku kwetu Usangu, nawaomba: kabla hamjapakia, papaseni kila salfeti. Lenye kona mniachie.